Ruhusa Maalumu

Jumanne, 8 Julai

Mwanangu Wakili,

Natumaini hujambo. Sisi huku hatujambo, tunasukuma siku. Usishangae kuona barua. Simu nimeichoka. Nikipiga unaniambia, "Baba, niko kikaoni," nami nasema, "Haya mwanangu," na mazungumzo yanaishia hapo. Dereva wa basi la asubuhi ni mteja wangu wa ndevu. Ameniahidi atakuwa akiziacha barua zangu mapokezi hapo makao makuu ya Mfuko wenu wa bima, na kuchukua zako jioni akirudi.

Juzi tulikusikia redioni. Niliacha mashine ya kunyolea ikinguruma hewani, mteja kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, naye hakulalamika maana duka zima lilikuwa limetega sikio. "Kuanzia sasa bima ya afya ni ya kila mtu, mwenye mshahara na asiye na mshahara. Hakuna atakayeachwa." Nikawaambia, huyo ni wangu. Fundi viatu akasema, "Sauti ni ya mama yake, lakini ubishi ni wako." Nilikuita Wakili tangu ulipokuwa ukisimama mlangoni kuwatetea kuku wasichinjwe, na leo unatetea watu. Nilijisikia mrefu.

Sasa nina jambo la mtu. Kuna mteja wangu, mkewe ana ugonjwa wa figo. Alikuwa akisafishwa damu hapa hapa mjini, kwenye ile kliniki ndogo nyuma ya soko, ya daktari mwanamke. Bima ya zamani ilikuwa inalipia kupitia ushirika wao. Tangu mwezi uanze, daktari anasema mfuko wa zamani umefungwa na mfuko mpya haujasaini mkataba naye, kwa hiyo hana wa kumlipa, na dawa za kuweka kwenye mashine zimekwisha. Wagonjwa wanapigwa kalenda tu, njoo kesho, njoo kesho kutwa. Huyu mama ameanza kuvimba. Mumewe ameniuliza afanyeje. Nikamwambia ngoja nimuulize anayejua.

Mama yako anakusalimu. Amezama kwenye sare za shule mpaka shingoni, ndiyo maana hajaongeza mstari wake hapa chini.

Baba yako,
Kinyozi

*

Ijumaa, 11 Julai

Baba, shikamoo.

Barua yako imenichekesha na kunitia haya. Mhudumu wa mapokezi aliileta mpaka kikaoni, akasema mbele ya Mkurugenzi, "Hii imetoka kwa kinyozi wako." Kikao kizima kiligeuka kuangalia kichwa changu.

Mwambie mteja wako asiwe na hofu. Vituo vidogo tumevisimamisha kwa sababu. Mfuko wa zamani ulikuwa unanyonywa hadharani. Kulikuwa na kliniki zinazodai malipo ya wagonjwa waliokwisha kuzikwa. Tukasema, safari hii kila kituo kikaguliwe upya kabla ya kupewa mkataba. Kwa sasa wagonjwa wa figo waende hospitali kuu za serikali. Mashine zipo, taarifa ninayo mezani, na Mfuko unalipia kila kitu. Kwenu ni safari ya basi moja tu.

Najua ni usumbufu. Lakini unamkumbuka yule jirani yetu aliyezuiliwa wodini na kichanga chake, hospitali ikisema hatoki mpaka bili iishe? Mama alikuwa akinituma nimpelekee chakula, nakipitisha dirishani. Yule mtoto alijifunza kukaa humo humo wodini, Baba. Kazi hii naifanya kwa ajili ya dirisha lile. Sheria hii ikisimama, hakuna mwanamke atakayefungwa tena kwa kosa la kuzaa. Tuvumilie mtikisiko wa mwanzo.

Mama hapokei simu yangu. Mwambie sare haziwezi kumzuia mtu kusema "halo".

Mwanao,
Wakili

*

Alhamisi, 17 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimefanya ulivyosema. Nilifunga duka nikamsindikiza yule mgonjwa mpaka hospitali kuu.

Mashine zipo, hukusema uongo. Zimepangwa ukutani, nyingine bado zimevaa nailoni zake. Nesi akasema zinazofanya kazi ni mbili, zilizobaki zinasubiri mtambo wa kuchuja maji, maana zile mashine zinataka maji safi kuliko tunayokunywa sisi. Watu wamejaa korido nzima, wamelala ubavu, nyuso zimeelekea ukutani. Kuna mzee alikuja amebebwa mgongoni na mwanawe. Jina linaitwa, mtu anatikiswa bega, asipojibu wanaita jina linalofuata. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakiwa kimya hivyo. Dukani kwangu hata watu watatu ni kelele.

Tulipofikiwa jua lilikuwa limeshageuka. Wakamsafisha nusu ya muda wake ili na wengine wapate. Kwenye basi la kurudi alinilalia begani njia nzima, anapumua kama mtu aliyepanda mlima, na wala gari halijapanda mlima wowote.

Wewe una taarifa mezani, mimi nina macho. Nauliza tena, mwanangu: huyu mama afanyeje?

Baba yako

*

Jumatatu, 21 Julai

Baba, shikamoo.

Nitasema kwa heshima, lakini nitasema. Tangu nisikike redioni, kila mtu ana mgonjwa. Mwalimu wangu wa zamani, mwenye nyumba wangu, binamu ambaye hata salamu zangu hajawahi kuziitikia. Wote wanataka niwapitishe pembeni. Ijumaa Mkurugenzi alituita akasema waziwazi: afisa atakayegusa orodha kwa ajili ya mtu wake, unga wake umemwagika siku hiyo hiyo. Na ana haki. Wenye kliniki za udanganyifu wanaomba Mfuko huu ufe, wanasubiri tuteleze tu. Alhamisi ya wiki ijayo nakwenda mbele ya kamati ya Bunge kueleza kwamba mabadiliko yanakwenda vizuri. Hujui ninavyoshikilia kamba hii kwa meno.

Mashine mbili? Taarifa ya hospitali ile inasema zote zimepokelewa na kufungwa. Labda mlifika siku mbaya. Labda nesi alichoka na maswali yako, nakujua.

Na hao mume na mke ni akina nani hasa, mpaka wewe ufunge duka? Mumewe yuko wapi, mbona safari ni yako? Naomba, Baba, usinigeuze mahali pa kumwagia shida za wateja wako. Nakupenda, nakuheshimu, lakini siwezi kuendesha bima ya nchi nzima kwa habari za kiti cha kinyozi.

Mama bado hapokei simu. Wasiwasi wangu uko kwake kuliko kwa huyo mgonjwa wako. Mwambie aniandikie, hata mstari mmoja.

Wakili

*

Alhamisi, 24 Julai

Mwanangu mpenzi,

Umeomba mstari, nakupa ukurasa. Sijambo kabisa. Simu iliangukia kwenye ndoo ya maji, ikaamua kustaafu. Baba yako unamjua, mtu akikohoa dukani kwake yeye anaanza kumpimia jeneza. Usimsikilize.

Sare zinakwenda, ingawa siku hizi mwanagenzi wangu ndiye anayekanyaga cherehani, mimi nakata vitambaa nimekaa. Viatu ulivyonitumia ni vizuri mno, lakini vimenikataa. Hata vya zamani vimenikataa, navaa kandambili za baba yako, nimekuwa kama bata. Ndio uzee huo. Halafu ile chumvi uliyokuwa ukinigombeza kila ukija, furahi, nimeiacha. Hata maji nakunywa kwa kijiko kama kifaranga. Nimekuwa mtu wa kiasi, ungeniona usingenijua.

Mwanangu, fanya kazi yako. Usivunje kanuni uliyoiandika mwenyewe kwa ajili ya mtu yeyote. Nasema yeyote. Ukimaliza na hao wakubwa wa Bunge, ule vizuri, upumzike, uache kung'ata kucha.

Mwandiko usiujali, meza inayumba.

Mama yako

*

Jumamosi, 26 Julai

Baba,

Nimeisoma barua ya Mama mpaka naijua kwa moyo. Viatu vyote vimemkataa. Maji anakunywa kwa kijiko. Nimekaa mwaka mzima nikisoma juu ya wagonjwa wa figo, najua ni nani anayeambiwa anywe maji kwa kijiko.

Na meza ile umeitengeneza wewe kwa mikono yako. Haijawahi kuyumba.

Mgonjwa ni nani?

Wakili

*

Jumatatu, 28 Julai

Mwanangu,

Hukuniamkia. Sikulaumu.

Ni mama yako.

Alianza kuumwa kabla hujapandishwa cheo. Daktari wa kliniki alipomwambia figo zimechoka, kitu cha kwanza alichofanya ni kunigeukia na kuniapisha. Alisema, "Akijua, ataiandika hiyo sheria jicho moja likiwa kwangu. Mwache aiandike kwa macho yote mawili." Nikakubali, kwa sababu mambo yalikuwa yanakwenda. Bima ya ushirika wa mafundi cherehani ilikuwa inalipia, kliniki ni hatua chache kutoka nyumbani, na akitoka pale anapitia dukani kunitania mbele ya wateja. Nilijua siku moja tutakuambia, mambo yakitulia. Hayakutulia.

Ulipotujibu "hospitali kuu," yeye ndiye aliyenisomea barua yako. Aliikunja vizuri akasema, "Si amesema twende? Twende." Ulipoandika habari za kiti cha kinyozi nilitaka kukujibu kwa hasira, akaninyang'anya kalamu, akakuandikia yeye ile barua ya uongo. Ilimchukua siku nzima.

Safari ya pili tumerudishwa, maji ya hospitali yamekatika. Sasa analala ameegemea ukuta, akilala chali pumzi zinampotea. Daktari wetu anakuja kumwona kwa hiari yake, lakini hana cha kuweka kwenye mashine.

Nimekuwa nikiiandikia serikali. Leo naandika kwa binti yangu.

Baba yako

*

Jumanne, 29 Julai

Baba, Mama, shikamooni.

Nisikilizeni, tutalia baadaye. Kuna kitu kinaitwa ruhusa maalumu. Ni kwa ajili ya maafisa wakuu wa Mfuko na wazazi wao: hospitali binafsi hapa mji mkuu, mashine mpya, chumba cha peke yako. Nilikwenda kwa Mkurugenzi, yule yule aliyetuonya tusiguse orodha, nikamwambia mgonjwa ni mama yangu. Akafungua droo, akanipa karatasi, akanikonyeza. "Hiyo ni tofauti," akasema.

Nimesaini. Barua hii analeta dereva wa ofisi, na gari analokuja nalo ni la kukubeba, Mama. Usifungashe kitu. Njoo ulivyo, na kandambili zako.

Lakini kuna jambo lazima mlisikie kutoka kwangu. Kile kifungu cha kusimamisha vituo vidogo sikukikuta. Nimekiandika mimi. Daktari mmoja kwenye kamati yetu ya kuandaa sheria aliuliza, "Na wa figo?" Nikajibu, "Hospitali kuu zitawabeba." Nilijibu haraka hivyo, kama mtu aliyejiandaa vizuri. Kila mtu akatikisa kichwa kukubali, tukatoka kwenda kula.

Mama, panda gari. Nakuomba.

Mwanenu

*

Jumatano, 30 Julai

Mwanangu,

Dereva wako ana adabu. Amekula, amepumzika, sasa anarudi na barua hii badala yangu. Usimgombeze, amenibembeleza mpaka basi.

Nilivaa. Nikafika mpaka mlango wa gari nikashika kitasa. Nikarudi ndani.

Pale kliniki tulikuwa na chumba chetu. Kulikuwa na mwalimu wa jiografia, muuza magazeti, na binti mmoja ambaye harusi yake imeahirishwa mpaka apone. Damu ikiwa inazunguka kwenye mipira, Mwalimu alikuwa anatufundisha mito ya dunia ili tusiitazame. Anaanzia chemchemi mpaka baharini, anatuuliza maswali, ukikosea anakuambia ukae nyuma ya darasa, na sote tumefungwa kwenye viti. Tulikuwa tunacheka mpaka nesi anatukemea.

Mwalimu tumemzika jana.

Binti wa harusi alikuwa msibani, amekaa chini, uso umemvimba macho hayaonekani. Akaniuliza, "Mama, sasa wewe utakwenda wapi?" Wote wanajua wewe ni mwanangu, nilikuwa nikijisifu sana pale. Ningemjibu nini leo? Kwamba mimi limenijia gari?

Usinidhanie malaika. Naogopa kufa. Naogopa sana, na mkono wangu ulipokuwa kwenye kitasa ulikuwa unataka kufungua. Lakini unanipitisha mlango wa nyuma wa nyumba uliyoijenga mwenyewe, na wa mbele umeufunga wewe. Fungua wa mbele. Kama huwezi, niambie huwezi. Gari likirudi nitapanda, nitanyamaza, wala sitakulaumu hata siku moja. Ila unijibu kwanza.

Mama yako

Hapa chini ni mimi, Kinyozi. USIMSIKILIZE. Rudisha gari. Nitambeba kama gunia nimtupie ndani. Bora anichukie akiwa hai. Mwalimu alikuwa mtu mzuri, Mungu amrehemu, lakini mke wangu si mwalimu wa mtu. Rudisha gari.

*

Alhamisi, 31 Julai, asubuhi

Baba, Mama, shikamooni.

Mama, jibu langu hili hapa: naufungua wa mbele. Leo naingia kwenye kamati ya Bunge na sitasema nilichotumwa kusema.

Baba, na jibu lako hili hapa: gari linalokuja na barua hii si la ofisi, nimelikodi mwenyewe, na dereva wake atakaa mlangoni kwenu mpaka nimwambie aondoke. Mama akikosa pumzi, mbebe. Usimuulize. Mpeleke kwenye ile hospitali binafsi ya mji wa jirani, wana mashine, nimeongea nao, nitalipa mimi kama mtoto yeyote anavyomlipia mama yake.

Mama, najua hili si jibu safi. Siwezi kuwa msafi kuliko hapo. Jana nilipokuwa nakusubiri nilikwenda dukani nikakununulia nguo ya kulalia. Nimeikumbatia kama mjinga.

Mwanenu

*

Alhamisi, 31 Julai

Kwa Mkurugenzi Mkuu,

YAH: KURUDISHA RUHUSA MAALUMU, NA TAARIFA NITAKAYOITOA KAMATINI LEO

Narudisha ruhusa maalumu uliyonipatia Jumanne. Haijatumika. Mgonjwa aliyeandikwa humo ni mama yangu mzazi. Kwa hiyo nina maslahi binafsi katika jambo hili, na nitayatamka mbele ya kamati kabla ya kusema neno lingine.

Jana nilizungumza kwa simu na wauguzi wakuu wa vitengo vya figo katika hospitali kuu zetu. Taarifa tuliyoandaa inahesabu mashine zilizopokelewa. Haihesabu zinazofanya kazi. Hospitali nyingi hazina mtambo wa maji, na baadhi hazina muuguzi aliyefundishwa kuziendesha. Sitaweza kuisoma taarifa ile kama ilivyo.

Naomba utie saini mikataba ya muda kwa kliniki zote za figo tulizozisimamisha, ukaguzi uendelee huku wagonjwa wakitibiwa. Rasimu nimeiambatisha. Kifungu kinachorekebishwa ni changu, na kosa ni langu. Ukisaini kabla ya kikao, nitasema Mfuko umejirekebisha. Usiposaini, nitasema niliyoyasikia kwa wauguzi.

Wako mtiifu,
Mkuu wa Kitengo cha Mafao

*

Jumapili, 3 Agosti

Mwanangu,

Mama yako yu hai. Naanza na hilo ili uweze kusoma mengine.

Alhamisi sikufungua duka. Niliweka redio kando ya kitanda chake, na wateja walipoona duka limefungwa wakaja wote nyumbani, wakajaa mpaka nje dirishani. Tukakusikia: "Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla ya yote, mama yangu ni mmoja wao." Ukaeleza habari za mashine zilizovaa nailoni. Yule mbunge mwenye sauti ya baragumu akakukatiza, "Kwa hiyo kama mgonjwa asingekuwa mama yako, tusingesikia haya?" Ukanyamaza, mpaka fundi viatu akadhani betri imekwisha, akaipiga redio kofi. Kisha ukasema, "Pengine msingesikia, mheshimiwa. Hilo ndilo tatizo lenyewe."

Mama yako alifumba macho. Akanifinya kidole.

Jioni pumzi zikamshinda. Midomo ikabadilika rangi. Nikambeba, hakukubali wala hakukataa, hakuwa na sauti ya lolote kati ya hayo. Dereva akawasha gari. Tulipofika njia panda ya soko nikamwambia, "Kata kushoto." Akaniuliza kuna nini kushoto. Nikamwambia kuna binti anaolewa. Sikuambiwa na mtu, na mimi ndiye niliyekuandikia maneno yale chini ya barua. Lakini ningemwangaliaje mama yako akizinduka? Tukamkuta binti kwenye ngazi za kwao, tukambana kiti cha nyuma, mmoja kanilalia huku, mwingine huku. Hospitali ile imewasafisha wote wawili. Bili ya binti nimewaambia waniandikie mimi, na wewe usithubutu kuigusa.

Alipozinduka, mama yako akanitazama, akamtazama na binti kitanda cha pili. Akasema, "Kinyozi, umenibeba kama gunia." Basi nikalia mbele za watu.

Jana daktari wetu amefungua kliniki. Mkataba wa muda umesainiwa Ijumaa, wanasema Waziri alimpigia simu Mkurugenzi wako, na simu haikuwa ya salamu. Mama anaanza pale kesho kutwa.

Sasa jambo la mwisho, na nimelizunguka kwa sababu sitaki kuliandika. Mjane wa Mwalimu alikuja dukani jana. Alisimama mlangoni, nikampa kiti, akakikataa. Akasema, "Mwambie binti yako aje. Nataka kumuuliza kitu." Nikamwambia mimi ni baba mtu, aniulize mimi. Akasema, "Wewe unanyoa. Aje yeye."

Baba yako

*

Jumatano, 6 Agosti

Baba, Mama, shikamooni.

Nilipoisoma barua yako, Baba, nilifunga mlango wa ofisi nikakaa chini sakafuni. Ofisi yenyewe si yangu tena. Jana nimepewa barua ya kukaa kando nikisubiri kupangiwa kazi nyingine. Mkurugenzi alinishika mkono vizuri tu. Redioni sasa anaongea mwingine, ana sauti nzuri.

Nakuja Jumamosi. Nikishuka basi nitakwenda kwanza kwa mjane, ndipo nije nyumbani. Msinisindikize. Mama, hata wewe.

Wakili

*

Jumatatu, 18 Agosti

Baba, Mama, shikamooni.

Nimefika salama, mwenye nyumba hakunifukuza. Mama, kukuona umekaa kwenye cherehani, hata kama ulikuwa unakaa tu bila kushona, kumenirudishia roho.

Siku ile niliporudi kutoka kwa mjane mliniuliza, nikawajibu "tumeongea tu." Sikuweza kusema nikiwa nawatazama. Nasema sasa.

Hakunipa mkono. Alinionyesha kiti, yeye akabaki amesimama. Akasema, "Nilidhani ukiingia nitakupiga. Nimekuwa nikijipanga." Nikamwambia ana haki. Akasema, "Haki sikukuomba wewe." Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, maneno yote ninayo, lakini nilipofungua mdomo alinyoosha mkono kunizuia.

Akauliza, "Ni wangapi?"

Nikamuuliza wangapi nini.

"Kama yeye. Kwenye miji mingine. Kati ya siku mliyofunga na siku mliyofungua."

Baba, sikujua. Tulihesabu waliojiandikisha. Tulihesabu kadi, mashine, vituo. Waliokufa wakisubiri, hakuna aliyepewa kazi ya kuwahesabu. Hata mimi, niliyesimama mbele ya kamati nikajiona jasiri, swali hilo halikunijia. Nikamwambia, "Sijui."

Nadhani hilo ndilo jibu langu la kwanza aliloliamini. Kisha akaenda akafungua mlango. "Basi nenda ukajue," akasema. "Ukijua, njoo uniambie mimi kabla hujamwambia mbunge yeyote."

Kazi ya zamani imekwenda, mpya sijapewa. Lakini namba za simu za wauguzi wakuu ninazo. Leo asubuhi nimeanza na hospitali kuu ya kaskazini. Nesi aliyepokea ni mtu mzima, sauti ya kuchoka. Nikamwambia ninachotafuta. Akaniuliza, "Unapiga kutoka ofisi gani?"

Nikamwambia, "Sina ofisi. Napiga kutoka nyumbani kwangu."

Kisha nikasikia mlango ukifungwa upande wake, na akasema, "Subiri nivute kiti."

Mwanenu,
Wakili